Ahadi ya miwa ni deni la nyumba nzima

Ukipanda matatu mjini Kisii kuelekea Migori, ukishaipita Rongo utaanza kuona miwa ikiikaribia barabara. Mwanzo ni shamba moja hapa na jingine pale, katikati ya mahindi na migomba. Kufikia Ranen, na hasa ukiingia Awendo, miwa imeshika pande zote mbili, na dereva wako amekwama nyuma ya trekta linalokokota matrela polepole kama konokono. Hapo ujue umeingia katika nchi ambako karo, mahari, gharama za matanga na mabati ya nyumba hutoka kwenye mmea mmoja.

Leo nataka tuzungumze, wewe na mimi, juu ya karatasi iliyo nyuma ya miwa hiyo. Ni ile karatasi ambayo mkulima huitia sahihi, au huigusa kwa kidole gumba chenye wino, akiahidi kwamba miwa yake yote itapelekwa kiwandani. Katika nyumba nyingi karatasi hiyo hutiwa sahihi na mtu mmoja, ikawekwa chini ya godoro, ikasahauliwa mpaka siku ya ugomvi. Je, kwako iko wapi? Na mke wako, au mume wako, anajua inasema nini?

KARATASI INASEMA NINI

Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, ambayo kila mtu huiita Sony, ilianzishwa mwaka 1976, na kiwanda chake cha Awendo kikaanza kazi miaka hiyo hiyo ya 1970 ikielekea ukingoni. Tangu mwanzo kilikuwa na shamba lake chenyewe, lakini shamba hilo peke yake halikuweza kukishibisha. Ndiyo sababu kilifunga mikataba na maelfu ya wakulima wadogo wa Rongo, Awendo, Uriri, Ndhiwa na sehemu nyingine za jirani, wengi wao wakiwa na ekari moja au mbili tu.

Mkataba wa kawaida uliotumika huko kwa miaka mingi ulikuwa na mambo machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyaelewa akisomewa polepole. Shamba lako linapewa nambari na kupimwa. Unaahidi kukuza miwa kwa mavuno ya kwanza na mavuno mawili ya maotea, yaani miwa inayochipuka upya kutoka kwenye visiki baada ya kukatwa, au kwa miaka mitano, kutegemea muda upi ni mfupi. Kampuni inaweza kukulimia, kukupa mbegu na kukuletea mbolea kwa mkopo. Wewe unapanda, unapalilia na kulinda moto usiingie. Miwa ikikomaa, kampuni inaikata, inaibeba, inaipima kwenye mizani na kukulipa baada ya kukata gharama zake. Na katikati ya hayo kuna kifungu kinachosema kwamba huna ruhusa ya kumuuzia mtu mwingine miwa hiyo bila kibali cha kampuni.

Ukitazama vizuri utaona kwamba ahadi hapa ni mbili. Wewe umeahidi kupeleka. Kampuni imeahidi kuja kuchukua. Wahenga walisema ahadi ni deni, na wala hawakusema ni deni la maskini peke yake.

KWA NINI WANATAKA MIWA YOTE

Huenda ukauliza: shamba ni la babu yangu, jasho ni langu, kwa nini nizuiwe kuuza ninapotaka? Swali hili ni la haki, na linastahili jibu lenye hesabu.

Chukua kiwanda chenye uwezo wa kusaga tani 3,000 za miwa kwa siku. Tuseme ekari moja hutoa tani 30. Kiwanda hicho kinahitaji kukata ekari 100 kila siku, leo, kesho na kesho kutwa. Siku ambayo kimepata ekari 50 tu, wafanyakazi wanalipwa vile vile, mitambo inapoa na kuwashwa tena kwa gharama, na kila kilo ya sukari inayotoka siku hiyo inakuwa ghali. Tena muwa si mahindi. Ukishakatwa hauwezi kuwekwa ghalani kungoja bei. Baada ya siku moja au mbili unaanza kupoteza uzani na utamu. Ndiyo maana mwenye kiwanda anataka kujua leo miwa ya mwaka kesho itatoka wapi.

Jambo hili halikubuniwa Awendo. Mwaka 1882 wakulima wa kijiji cha Hjedding nchini Denmark walianzisha kiwanda chao cha ushirika cha maziwa. Kila mwanachama alifungwa na kanuni kwamba maziwa yote asiyoyatumia nyumbani ayapeleke kiwandani. Hakuna aliyeruhusiwa kuleta ndoo bei ikiwa mbaya sokoni na kuzificha bei ikiwa nzuri. Walijua kwamba mashine waliyoinunua kwa mkopo ingelipwa na maziwa ya kila siku, wala si maziwa ya yule anayejisikia.

Karibu na biashara yetu, wakulima wa miwa wa jimbo la Maharashtra huko India walianzisha kiwanda cha ushirika cha sukari huko Pravara, kilichoanza kusaga mwaka 1950. Huko mkulima ni mwenye hisa. Anapeleka miwa kwa sababu kiwanda ni chake, na faida humrudia. Hata hivyo sheria ya nchi haikumwachia mkulima ategemee huruma. Amri ya serikali ya India ya mwaka 1966 kuhusu miwa inasema mkulima alipwe ndani ya siku 14 tangu alipopeleka miwa yake, la sivyo anayemchelewesha alipe na riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Wapo wanaoivunja amri hiyo, lakini mkulima wa huko angalau anajua siku ya kuanza kudai.

Kiwanda cha Awendo hakikuzaliwa kama ushirika. Kilikuwa kampuni ya serikali, na mkulima wa Rongo alikuwa muuzaji mwenye mkataba tu. Hii ndiyo tofauti kubwa. Mwanachama wa Hjedding alipopeleka maziwa alikuwa akijipelekea mwenyewe. Wewe unampelekea mwingine, na kwa hiyo kinga yako ni ile karatasi. Ukiitupa, umebaki na maneno matupu.

TREKTA LA USIKU

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo kila kijiji kinalijua na watu hawapendi kulitaja mbele ya wageni. Miwa imefikisha miezi 16. Karo ya muhula inadaiwa. Jioni moja anakuja mtu mwenye maneno matamu. Anaitwa broka. Ama anataka miwa ya kupeleka kiwanda kingine, ama ananunua kwa niaba ya wenye mashine za sukari guru, ambazo ni nyingi huko Rongo na Awendo. Ana pesa taslimu mfukoni. Anasema, "Mzee, hawa wa kiwanda watakuja lini? Mimi nakata kesho usiku, na pesa ndizo hizi."

Hebu tufanye hesabu pamoja. Takwimu hizi ni za mfano tu. Weka zako mahali pake. Ekari yako moja ina tani 30, na bei ni Sh5,000 kwa tani. Hiyo ni Sh150,000. Unadaiwa Sh45,000 za kulima, mbegu na mbolea. Kukata na kubeba ni Sh30,000. Ukipeleka kiwandani unabaki na Sh75,000. Broka anakupa Sh90,000 miwa ikiwa imesimama shambani, yeye akate na kubeba mwenyewe. Unaona tisini ni nyingi kuliko sabini na tano, unakubali.

Lakini je, lile deni la Sh45,000 limekwenda wapi? Halikuondoka na trekta. Liko pale pale kwenye vitabu vya kampuni, na kama mkataba wako una riba, linanenepa. Ukilitoa kwenye zile tisini umebaki na Sh45,000. Umepoteza Sh30,000 kwa usiku mmoja, na juu yake umevunja mkataba. Isitoshe, miwa iliyokatwa ovyo gizani, visiki vikaachwa virefu au vikakanyagwa na magurudumu, huchipuka vibaya. Kwa hiyo mavuno ya pili nayo umeyajeruhi. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Tena tazama nani atalipa. Mara nyingi pesa za usiku huingia mfuko mmoja, na deni huingia nyumba nzima. Mama aliyepalilia mara tatu na watoto waliokosa usingizi wakilinda moto hawakuiona hata noti moja. Mavuno yanayofuata yanapopelekwa kiwandani, wanashangaa kuona hati ya malipo ina sifuri, au ina tarakimu yenye alama ya kutoa mbele yake. Ndipo vilio vinaanza kwamba kampuni imetuibia. Pengine imewaibia kweli, kwa maana hayo nayo hutokea. Lakini mara nyingine mwizi alikula chakula cha jioni mezani pamoja nao.

Sisemi haya ili kumtetea mwenye kiwanda. Utaona punde. Nayasema kwa sababu miwa inayokatwa ikiwa michanga imewaumiza wote. Mwezi Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji katika viwanda vya magharibi mwa Kenya kwa miezi kadhaa, kwa kuwa miwa iliyokomaa ilikuwa imekwisha na viwanda vilikuwa vikinyang'anyana miwa michanga. Mkulima aliyekuwa na miwa iliyoiva naye akafungiwa lango pamoja na wengine. Na kabla ya hapo tuliona yaliyoipata Mumias, kampuni kubwa iliyoanza kusaga mwaka 1973 na ikawekwa chini ya mrasimu wa wadai mwaka 2019. Magonjwa yake yalikuwa mengi, yakiwemo madeni na usimamizi mbaya, lakini mojawapo ni kwamba wakulima waliochoka kungoja malipo walipeleka miwa kwingine au waliing'oa wakapanda mahindi.

NA KIWANDA JE?

Naam, sasa tumgeukie mwenye mitambo. Maana kuna mkulima aliyelala, akaamka, akapalilia, akamfukuza broka, akangoja. Miezi 18 ikapita. Ikawa 24. Ikawa 30. Afisa wa nyanjani anasema trekta litakuja wiki ijayo. Miwa inatoa maua, inalala chini, inakauka ndani na kuwa kama kuni. Anachohesabu mkulima huyu si hasara ya muda tu. Maotea hayawezi kuchipuka ilhali miwa mikuu ingali imesimama. Kwa hiyo kampuni ikikosa kukata mara moja, imemnyima mavuno ya kwanza na imeyaweka mavuno mawili yanayofuata hatarini. Shamba limefungwa, mahindi hayawezi kupandwa, na deni la mbolea bado linasoma.

Mtu kama huyu akimuuzia broka, unaweza kumlaumu kwa moyo mweupe? Mimi nashindwa. Lakini nataka ujue kwamba kuna njia ya tatu, na wakulima wa sehemu hizo hizo wameipita.

Kwa miaka mingi mahakama ya Rongo, na baadaye Mahakama Kuu za Kisii na Migori kwa njia ya rufani, zimesikiza kesi nyingi za wakulima walioishtaki kampuni ya sukari kwa kukosa kuvuna miwa yao. Hawa hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa na vipande vidogo vya ardhi. Wapo walioshinda na kulipwa fidia. Na wapo waliorudi nyumbani mikono mitupu. Ukizifuatilia kesi hizo, utaona kwamba aliyeshinda na aliyeshindwa mara nyingi walikuwa na uchungu ule ule. Kilichowatenganisha ni makaratasi.

Mahakama huuliza maswali ya kawaida kabisa. Mkataba uko wapi? Shamba lako lilikuwa na ukubwa gani? Ulipanda lini? Kwa hiyo miwa ilikomaa lini? Ni nani aliyeona kwamba uliipalilia? Ekari ya sehemu yako kwa kawaida hutoa tani ngapi, na bei ya wakati huo ilikuwa kiasi gani? Na kutoka kwenye jumla hiyo, gharama za kukata na kubeba ni ngapi, maana zingetolewa hata kama kampuni ingevuna? Kampuni nayo hujitetea kwamba mkulima hakuitunza miwa, au kwamba alikaa tu akaitazama ikioza bila kufanya lolote kupunguza hasara yake. Asiye na karatasi wala shahidi atajibu nini?

Kuna jambo jingine ambalo limewaponza watu. Kesi ya kuvunjwa kwa mkataba ina muda wake. Kwa sheria ya Kenya ni miaka sita tangu mkataba ulipovunjwa. Ukingoja mpaka miaka hiyo ipite, mlango umefungwa. Mahakama haitauliza ulikuwa mvumilivu kiasi gani. Itahesabu miaka.

Si lazima uanzie mahakamani. Sheria ya Sukari ya mwaka 2001 iliweka baraza maalum la kusuluhisha migogoro ya sukari, na Sheria mpya ya Sukari ya mwaka 2024, ambayo pia imeirudisha Bodi ya Sukari ya Kenya, imelihifadhi wazo hilo. Kabla ya kufika huko kuna chifu, kuna ofisi ya kilimo ya kaunti, kuna chama cha wakulima. Lakini kote huko utaulizwa swali lile lile: karatasi iko wapi?

FAILI MOJA CHINI YA PAA MOJA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi hebu tulifanye jambo hili leo, maana ni Jumapili na watu wako nyumbani. Tafuta faili moja ya kadibodi. Ukikosa, bahasha kubwa yatosha. Ndani yake weka nakala ya mkataba. Kama hukupewa nakala, nenda ukaiombe, na uombe kwa barua. Weka stakabadhi za kila kitu ulichopewa kwa mkopo: ekari zilizolimwa, magunia ya mbolea, tani za mbegu. Usikubali kutia sahihi magunia sita ukiwa umepokea manne. Weka kila tikiti ya mizani na kila hati ya malipo, hata ile yenye sifuri, hasa hiyo yenye sifuri.

Kisha chukua daftari la shule la kurasa 32. Mpe mtoto anayeandika vizuri alishike. Aandike tarehe ya kupanda, tarehe za kupalilia na majina ya waliopalilia, tarehe ya mbolea, na kila siku afisa wa kampuni alipotembelea shamba na aliyoyasema. Hii ni kazi ya dakika tano kwa wiki, na mtoto atajifunza hesabu iliyo na maana. Miwa ikifikisha umri wa kukatwa na hakuna aliyekuja, andika barua ya heshima: shamba nambari fulani, limepandwa tarehe fulani, limekomaa, naomba livunwe. Peleka nakala mbili. Moja uwaachie, ya pili waigonge muhuri urudi nayo. Baada ya mwezi andika tena. Barua mbili zenye muhuri zina nguvu kuliko safari ishirini za kwenda kusimama langoni.

Jambo la mwisho katika faili hili ni la watu wa ndani. Kabla ya kutia sahihi, kaeni chini. Baba, mama na watoto wakubwa. Someni kifungu kimoja kimoja kwa lugha mnayoielewa, hata kama ni lazima mwalimu jirani aitwe asaidie. Jiulizeni: miaka hii mitano tutakula nini kama shamba lote ni miwa? Watu wa nchi hii wamewahi kuwa na miwa mpaka mlangoni na njaa mpaka jikoni. Acheni kipande cha mahindi, maharagwe na mboga, hata kama afisa anawasifia ekari kubwa. Mkubaliane pesa zikija zitagawanywaje, na zitaingia akaunti ipi.

Sheria ya ardhi ya mwaka 2012 inataka kibali cha mke au mume kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Mkataba wa miwa si rehani, lakini unalifunga shamba linalolisha nyumba hiyo kwa miaka. Mwenye busara hangoji sheria imlazimishe kumshirikisha mwenziwe. Na tuseme ukweli mchungu: mwenye jina kwenye mkataba naye hufa. Hapo mjane anaanza kwenda kortini kutafuta hati za urithi ili apate pesa za miwa aliyoipalilia mwenyewe, na mashemeji nao wamekwisha fika. Faili lililo mahali panapojulikana, na akaunti inayojulikana, litamwokoa miezi mingi ya machozi.

MWENYE NYUMBA MPYA

Haya yote ni ya haraka zaidi sasa kuliko zamani, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba siku hizi mkulima wa Rongo hana kiwanda kimoja tu cha kutazama. Kuna Sukari Industries huko Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay, na kuna Trans Mara upande wa Narok. Ushindani huu ni mzuri, maana mwenye wachumba wengi hapuuzwi. Lakini chagua kabla ya kutia sahihi. Ukishapokea mbegu na mbolea za mmoja halafu ukampa mwingine miwa, hujashindanisha wafanyabiashara. Umejitafutia deni.

Ya pili ni kwamba mwezi Mei 2025 serikali ilivikodisha viwanda vinne vya umma, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa muda wa miaka 30. Sony ilikwenda kwa kampuni ya Busia Sugar Industry. Nyumba ikipata mwenye kuisimamia mwingine, mpangaji mwerevu humwendea na karatasi zake mapema. Kama una mkataba wa zamani, uliza kwa barua: je, mkataba wangu unaendelea, na nani atavuna? Kama unadai malipo ya miwa uliyopeleka zamani, uliza ni nani anayebeba deni hilo, na umwonyeshe tikiti za mizani. Kama unaletewa mkataba mpya, usiutie sahihi siku ile ile. Uchukue nyumbani. Tafuta kifungu kinachosema utalipwa baada ya siku ngapi. Tafuta kinachosema miwa itavunwa ikiwa na miezi mingapi, na utafanya nini wasipokuja. Kama vifungu hivyo havimo, waulize kwa nini vyako vya kupeleka vimo.

Na hapa ndipo somo la Hjedding na Pravara linapotufaa. Mkulima mmoja wa ekari moja akiuliza swali hilo, ataambiwa angoje nje. Wakulima mia moja wa kata moja, wenye chama kilichosajiliwa, wenye daftari la miwa yao iliyokomaa na tani zake, wakiuliza swali lile lile watapewa viti. Kiwanda kinachohitaji ekari 100 kwa siku hakiwezi kuwadharau watu wenye ekari 100. Lakini nguvu hiyo ina sharti lake: wale mia moja wasiwe na mlango wa nyuma anakoingilia broka. Chama ambacho wanachama wake huuza usiku hakina la kumwambia mwenye kiwanda mchana.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla jua la leo halijatua, ingiza mkono chini ya godoro. Itoe ile karatasi. Kama una mwenzi, mketi mbele yake muisome pamoja. Kama una mtoto aliyefika sekondari, mwache aisome kwa sauti, na mahali ambapo hamkuelewa mweke alama ya kalamu. Alama hizo ndizo mtakazokwenda nazo ofisini kesho Jumatatu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.